Mbegu Nilizozianika Juu ya Mafiga

Mwanangu Anyesi,

Kamwene. Najua huko uliko hakuna wa kukuitikia salamu hii, basi iitikie mwenyewe kwa sauti, hata kama wenzako watageuka kukuangalia. Umeitikia? Haya.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku sita, kwenye meza ile ile uliyokuwa unafanyia hesabu zako. Unajua niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zingine zimelala na zingine zimesimama, usinicheke. Na ujue siyo wewe peke yako utakayeisoma. Jumapili nitaisoma kwenye kikundi cha akina mama baada ya ibada, halafu Mama Swaumu wa dukani Nyololo azipige picha kurasa zote akutumie kwenye simu. Nimetaka iwe barua ya wazi kwa sababu mbili. Ya kwanza, walikucheka hadharani, kwa hiyo na mimi nakusifu hadharani. Ya pili, kuna kosa nililolifanya kwenye mbegu zako za mti wa kisimani, nikalificha miaka mitatu, lawama ukabeba wewe. Leo nalitoa mbele ya watu.

Najua unataka kwanza habari za kitalu, kama zimeota au hazijaota. Hazipo hapa juu. Nikikupa sasa utaacha kusoma, nakujua. Twende polepole.

Unakumbuka ile kokwa ya pichi? Ulikuwa na miaka sita, labda saba. Ulikula pichi, ukaizika kokwa nyuma ya jiko, ukaanza kuimwagilia kwa kikombe cha chai. Ilikuwa Januari, mvua yenyewe inamwaga, na wewe unamwagilia. Kila asubuhi unafukua kuona kama imeota, unafukia. Nikakuambia, "Anyesi, acha, utaiua." Ukaacha kwa sababu ulichoka, siyo kwa sababu ulinisikia. Mwezi wa pili kimya, wa tatu kimya, tukavuna mahindi, ikaja ile baridi ya mwezi wa saba inayoacha umande mgumu mweupe juu ya majani. Mimi nilishasahau. Halafu baridi ilipoanza kulegea, asubuhi moja ukaja unakimbia na kandambili mguu mmoja.

"Mama! Imetoka!"

Tukaenda kuangalia. Kweli, kamche kamesimama na majani yake mawili matatu, kana kwamba kamekuwepo siku zote. Ukachuchumaa ukaniuliza, "Ilikuwa inafanya nini muda wote huo?"

Nikasema ilikuwa imelala.

"Nani kaiamsha?"

Nikakuambia kamuulize mwalimu. Ukamuuliza, akakwambia ukae chini. Ukarudi nyumbani umekasirika, ukasema, "Na mwalimu naye hajui." Ule mpichi mpaka leo upo, unazaa mpaka matawi yanainama. Kila nikipita pale nasema hapa ndipo shule ya mwanangu ilipoanzia, siyo kule kwenye madawati.

Sasa nikwambie jambo lingine, maana bila hilo hutaelewa kosa langu.

Wewe ulizaliwa kabla ya wakati. Ulizaliwa mwezi wa saba, baridi imekaza, baba yako yuko safari ya magogo Mgololo. Ulikuwa mdogo kama mkate wa boflo. Wanawake waliokuja kuniona walikuangalia kisha wakaangaliana. Bibi yako, mama yake baba yako, hakuangaliana na mtu. Alisogeza kitanda changu mpaka jikoni, akawasha moto, akasema usizimwe. Wiki saba moto haukuzimwa. Ulilala kifuani kwangu, moshi ukitupanda wote wawili, mpaka leo nikinusa moshi wa mti wa mwati moyo wangu unatulia. Moto ndio uliokuokoa. Tangu hapo, kitu chochote nikikionea wasiwasi, mikono yangu inakipeleka kwenye moto. Nguo ya mtoto yenye unyevu, motoni. Mbegu za mahindi, tunayafunga maganda kwa maganda tunayatundika kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi unayakausha, mdudu dumuzi hagusi. Mbegu za maharage, hivyo hivyo. Hakuna mwanamke wa huku asiyejua hilo. Mbegu kavu ndiyo mbegu hai. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa mahindi ni kweli.

Lakini ule mti wa kisimani siyo mahindi.

Niwaeleze na akina mama wanaosikiliza ambao hawajafika kwetu. Chini ya shamba letu kuna kisima, maji yanatoka yenyewe ardhini, na juu yake umesimama mti mmoja mkubwa mweusi. Majani yake ukiyafikicha yananukia kama kokwa ya pichi ukiivunja. Matunda yake ni madogo, yakiiva yanakuwa na rangi ya damu ya mzee, machungu, wanayapenda kima na ndege. Zamani ilikuwepo mingi, sasa umebaki huo. Asubuhi yangu ya kwanza ya kuolewa, bibi yako alinipeleka pale na mtungi. Akaniambia mambo mawili. Kwamba panga haliingii kisimani. Na kwamba, "Mti huu haungoji mtu. Tunda likidondoka leo, ukichelewa limekwenda." Mimi nilidhani anasema habari za kima. Kumbe alikuwa ananifundisha kilimo. Ningemsikia vizuri siku ile, nisingekuwa naandika barua hii.

Uliporudi kutoka chuo Mbeya mwaka ule, na mabegi yako na buti zako, ukasema umekuja kutafuta mbegu za ule mti, mimi nilifurahi tu kwamba umekuja. Ukanieleza kwamba mpichi na mti wa kisimani ni ndugu, ukoo mmoja kabisa. Mmoja asili yake ni nchi za baridi, mwingine ni wa kwetu huku, na wewe unataka kujua kwa nini mmoja unalala na mwingine haulali. Nikakumbuka kandambili ya mguu mmoja. Nikajisemea, huyu mtoto bado anauliza swali lile lile.

Kokwa za pichi ulizianza kwanza. Ulizichanganya na unga wa mbao uliolowa, ukatia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, ukampelekea Mama Swaumu aziweke kwenye friji lake la soda. Sitasahau.

"We Anyesi," akasema, "friji langu umeligeuza jokofu la maiti?"

"Hazijafa, Mama Swaumu. Zinalala."

"Zinalala! Mimi nalipa umeme kokwa zilale? Mteja akitaka soda ya baridi nimpe kokwa anyonye?"

Akazitia lakini, nyuma kabisa, nyuma ya maji ya chupa. Kila tukienda anauliza, "Wageni wangu wataamka lini? Maana hata chai hawajaomba." Miezi miwili na zaidi. Ulipozitoa, zile za kwenye friji zikaota karibu zote, na zile ulizoziacha jikoni kwetu kwenye joto hazikuota hata moja. Mama Swaumu akaanza kuwaambia wateja wake, "Friji langu linazalisha." Shoga yangu, najua utaisoma hii kabla ya mwanangu. Asante, na usikate chochote kwenye picha.

Halafu zikaja mbegu za mti wa kisimani. Matunda yalianza kudondoka ukiwa nyumbani. Unatoka alfajiri, unatambaa chini ya mti unashindana na kima. Hapo ndipo ulipochekwa. Ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, foleni ndefu, Mama Zakayo akasema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, mwenzetu kasomesha mpaka chuo. Mtoto karudi, kazi anayofanya ni ya tumbili." Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Tumbili anakula akashiba, wewe unasubiri foleni." Wakamcheka na yeye. Lakini nilirudi nyumbani nimeumia, nisikufiche.

Ulizimenya mbegu zile siku hiyo hiyo ulipoziokota, ukaziosha, ukazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, ukaziweka kwenye beseni chini ya kitanda changu, mahali penye ubaridi. Ukasema unakwenda Iringa mjini kwenye ofisi kutafuta kibali cha kuzisafirisha, utarudi baada ya siku nne uzichukue uzipeleke Mbeya. Ukaniambia, "Mama, usiziguse. Zisikauke." Maneno yako ni hayo hayo, sijayaongeza wala kuyapunguza.

Siku ya pili mvua ikanyesha. Siku ya tatu ubaridi ukaingia mpaka kwenye mifupa. Nikainama chini ya kitanda, nikafungua kitambaa, nikaona mbegu moja ina ukungu. Moja tu. Nikasema mbegu za mwanangu zinaoza, atarudi atakuta uozo, watamcheka tena kwenye mashine. Wewe simu yako haikupatikana. Na mikono yangu, Anyesi, ilishaamua. Nikazibeba nikazimwaga kwenye ungo, ungo nikauweka kwenye uchaga juu ya mafiga, nikakoleza moto. Siku mbili. Nilikuwa nazigeuza kwa mkono kama ninavyogeuza ulezi. Nilikuwa naimba kabisa.

Kibali kikakukawiza, ukarudi siku ya sita badala ya nne. Nilipokuona unashuka kwenye bodaboda pale barabarani nikakumbuka lile neno lako, zisikauke. Nikaogopa. Nikakimbia jikoni, nikazinyunyizia maji, nikazifunga kwenye kitambaa chako, nikazirudisha kwenye beseni chini ya kitanda. Ulipoingia nikakupokea begi, nikakuuliza habari za Iringa. Ukafungua kitambaa, ukaona mbegu zimelowa, ukanikumbatia ukasema, "Asante Mama kwa kunitunzia."

Hilo neno asante limekaa shingoni mwangu miaka mitatu.

Wiki chache baadaye nilikuja Mbeya kukuletea viazi na maharage. Ulinipokea stendi, ukanipeleka chuoni kwenu kwenye kile chumba chenye meza ndefu na vichupa. Ukanivalisha koti jeupe, likanifika chini ya magoti, ukacheka ukasema, "Karibu, Daktari Mama Anyesi." Nilijiona kwenye kioo cha dirisha, nikanyoosha mgongo. Ukanionyesha kazi. Mbegu umezipasua, umeziloweka kwenye dawa isiyo na rangi. Ukaniambia mbegu yenye uhai ikiinywa ile dawa inageuka nyekundu, iliyokufa inabaki kama ilivyo. Ukafunua kisahani cha pichi. Zilikuwa nyekundu, wekundu ule wa fizi za mtoto mchanga. Nikashika mdomo. Yaani kitu kikavu hivyo, kimefungwa ndani ya kokwa ngumu ya kuvunjwa kwa nyundo, kumbe ndani kina damu yake.

Halafu ukafunua kisahani cha mti wa kisimani.

Nyeupe. Nyeupe kama yai la kuchemsha. Ukafunua cha pili, nyeupe. Cha tatu. Ulikuwa unafunua polepole zaidi kila mara.

Mwalimu wako akaja akasimama nyuma yetu. Hakugomba, alisema kwa upole tu, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kugomba. Alisema, "Anyesi, ulizikawiza. Mbegu za namna hii hazisubiri."

Wewe ukasema, "Ndiyo mwalimu. Nilichelewa siku mbili. Nimeziua mimi."

Akakwambia uandike hivyo hivyo kwenye ripoti, na kwamba sehemu hiyo ya kazi itangoja mti uzae tena. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimevaa koti la daktari, nimefunga mdomo. Ulinigeukia ukaniambia, "Usihuzunike, Mama." Wewe unanibembeleza mimi! Nilirudi Nyololo kwenye basi lile nimeshika chupa ya maji sijaifungua mpaka nashuka.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Niliona aibu mbele ya yule mwalimu, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa hutaniamini tena kushika kitu chako. Mama asiyejua kusoma vizuri, mtoto akishamwambia "usiguse" mara ya pili, amebaki na nini?

Ukaendelea. Hapo ndipo ninapojivunia wewe kuliko vyeti. Mwaka uliofuata mti haukuzaa. Na uliofuata haukuzaa. Katikati wakaja watu na mapanga, wakachuna gome upande mmoja mzima, wanasema linanunuliwa kwa ajili ya dawa. Baba yako na majirani wakawafukuza, lakini upande ule umekauka mpaka juu. Ulipoona picha ulinipigia ukaniuliza gome limechunwa mpaka wapi. Halafu ukasema, "Mama, ukizaa tena inaweza kuwa mara ya mwisho. Tukikosa mbegu hizo, tumeukosa mti." Hukulia. Uliendelea na pichi zako, ukaandika, ukaomba nafasi huko nchi za baridi, ukaipata. Mtoto wa tumbili, eti.

Siku tuliyokusindikiza Iringa kupanda basi nilikufungia mablanketi mawili na sweta la baba yako, ukacheka ukaacha blanketi moja. Nilikuwa na hakika hiyo baridi ya huko itakuua. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia redio kana kwamba itatangaza jina lako. Halafu ukapiga simu, unaongea haraka haraka kama ulipokuwa mdogo.

"Mama, huku wapo ndugu za mpichi na mti wa kisimani! Wana vitunda vidogo vyekundu, kokwa zinadondoka, theluji inazifunika, zinalala mpaka baridi ipite ndiyo zinaamka."

"Zinalalia nini? Si zigeuke barafu?"

"Zikiota kabla, baridi itaua mche. Kwa hiyo zinasubiri. Mti wetu wa kisimani hauna cha kusubiri, maji yapo na joto lipo mwaka mzima, mbegu yake inaota papo hapo. Ndiyo maana ukiikausha tu, basi."

Ukiikausha tu, basi. Ulisema hivyo bila kujua unamwambia nani. Nikabadilisha maneno, nikakuuliza, "Na wewe baridi umeshiba?"

"Ya baridi nimeshiba, Mama. Nina njaa ya ugali."

Tukacheka. Ulipokata simu nikakaa mlangoni. Nikafikiri, ukoo mmoja, mmoja hauamki mpaka upigwe na baridi, mwingine ukiuchelewesha siku mbili kwenye moto umekufa. Nami nilitaka kuwalea wote kwa moto kwa sababu moto ulinifaa mara moja. Hata wewe, mtoto niliyekulea kifuani juu ya mafiga, kumbe ulikuwa tayari kwa theluji zamani, mimi ndiye nilikuwa bado nakoleza kuni.

Sasa nafika mwaka huu.

Mwezi wa nane nilikupigia nikakuambia mti umeshika matunda, ule upande usiochunwa gome. Ukapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Kila wiki ukanipigia, kila wiki unarudia yale yale, na mimi sikuchoka. Yalipoanza kudondoka niliamka alfajiri, nikafunga kanga kiunoni, nikatambaa. Kima mmoja dume alinikalia kwenye tawi akanitupia ganda. Nikamwambia, "Mwenzangu, mwaka huu tugawane, mwanangu anazihitaji." Nilizimenya siku hiyo hiyo, nikaziosha. Udongo nilichota chini ya mti wenyewe na mchanga wa mtoni, nikajaza viriba sitini, vile vifuko vya miche, kila kimoja mbegu moja, kabla jua halijazama zote zilikuwa ardhini. Kitalu nimekiweka pembeni ya kisima, nimekiezeka kwa majani, kivuli kizuri. Sikuingiza hata mbegu moja ndani ya nyumba. Sikujiamini.

Wiki ya nne kimya. Ya tano kimya. Ukaniambia, "Usifukue, Mama." Nilifukua moja. Ndiyo, nilifukua, kila mtu na urithi wake, wewe ulichukua wapi ile tabia? Nikaikata kwa wembe, ilikuwa ngumu, nyeupe, mbichi. Sikuwa na ile dawa yako. Sikujua kama ni nyeupe ya uhai au ni ile nyeupe ya Mbeya.

Halafu baridi ikarudi siku tatu, na manyunyu. Nikaenda kitaluni nikashika udongo, barafu tupu. Anyesi, mikono ikaniwasha. Nikabeba viriba vitatu kifuani, nikavipandisha mpaka mlango wa jiko. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Nikasimama pale mlangoni na viriba vyangu kama mwizi aliyekutana na mwenye nyumba. Nikasikia sauti yako ya siku ile, usiziguse, zisikauke. Nikageuka. Nikavirudisha kila kimoja mahali pake, nikakaa kwenye jiwe la kisima, nikalia kidogo, nikarudi kupika.

Ilikuwa Jumapili, wiki ya saba. Nimetoka ibadani, sijavua hata kitambaa cha kichwa, nikapita kitaluni. Kwenye kiriba cha pembeni udongo umepasuka. Kimetoka kichipukizi chenye wekundu, kimeinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Wekundu, mwanangu. Hakikuhitaji dawa. Nikaangalia cha pili, cha tano, vingine vimepasuka, vingine bado. Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka baba yako akaja na jembe akidhani nyoka.

Nimengoja mpaka vyote vilivyokuwa na nia viwe vimetoka ndipo nikahesabu. Arobaini na tatu. Wana wa mti wa kisimani arobaini na tatu wako hai, hiyo ndiyo habari yako ya kitalu. Nilikukatalia kwenye simu kila ulipouliza, nikasema bado, bado, kwa sababu nilitaka uisome kwa mwandiko wangu.

Na Mama Zakayo amekuja. Alisimama kitaluni mikono nyuma, akaangalia sana. Akasema, "Mama Anyesi, nipe na mimi kamoja nikapande kwenye kisima chetu, kinakauka." Nikamwambia, "Kazi hii ni ya tumbili, mwenzangu." Akasema, "Basi na mimi nitatambaa." Nimempa viwili. Yupo hapa leo anasikiliza, asinune.

Mwanangu, mimi nimekusifu kwa watu siku zote, lakini nilikuwa nakusifu huku nimelikalia jina lako. Leo naondoka juu yake. Ile ripoti yako, pale ulipoandika kwamba mbegu zilikufa kwa sababu ulichelewa, futa. Mwambie mwalimu wako siyo wewe. Andika kwamba mbegu zilifungwa vizuri na mwenye kujua kazi yake, na zilianikwa siku mbili juu ya mafiga na mama yake, kwenye moshi, kama tunavyofanya mahindi. Usinifiche. Wanawake wote wa huku wangefanya nilivyofanya, na kama haikuandikwa mahali watafanya tena, mbegu zitakuwa zinakufa na watoto wao watakuwa wanaomba radhi.

Na uandike jina langu, lile la ubatizo, siyo Mama Anyesi tu. Kwenye vitabu halijawahi kuandikwa popote, hata likiandikwa kwa ajili ya kosa litanitosha. Halafu chini yake, kama kuna nafasi, ongeza kwamba mama huyo huyo, mara ya pili, alizipanda mbichi.

Blanketi lako la pili lipo, nimeliweka kwenye sanduku. Silianiki juu ya moto. Miche inakungoja uje uishushe ardhini kwa mkono wako, na yenyewe, wewe mwenyewe ulisema, si ya kungoja sana.

Ni mimi niliyekukalisha motoni, na ninayekuacha ukae kwenye theluji,

Mama yako.